Ukuta Haukai Ndani ya Karai

Karai la maji na matofali mawili. La kwanza ni udongo mtupu ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono. La pili ni udongo uleule, umetiwa saruji asilimia 8 kwa uzito. Yanatumbukizwa kwa pamoja. Mwanzoni yote mawili yanatoa mapovu, maji yakipenya vitunduni na kuifukuza hewa. Dakika chache baadaye kona za lile la kwanza zinalegea. Saa ikipita limekuwa kichuguu cha tope chini ya karai. Lile la pili linatolewa zima, linagongwa kwa kifundo cha kidole, linalia kama kigae.

Watu wanapiga makofi.

Onyesho hili limekuwa likinikera kwa wiki kadhaa, ingawa halina uongo. Kila kinachoonekana ndani ya lile karai ni kweli. Kinachokera ni hitimisho linalotoka pale hadi kwenye mchoro wa nyumba: kwamba udongo bila saruji haujengi, na kwamba ukishautia saruji bado una haki ya kuliita jengo lako la kaboni kidogo.

Ukuta haukai ndani ya karai. Na hilo hitimisho la pili, ukilishika kwa kalamu na karatasi, linapwaya.

## Hesabu ya mita moja

Tumezoea kulinganisha tofali kwa tofali, na hapo ndipo tunapopotea. Kipimo chenye maana ni mita moja ya mraba ya ukuta uliokwisha kujengwa, pamoja na saruji yote iliyozama humo.

Tuchukue tofali la kawaida la mashine ya mkono: urefu sentimita 29, upana 14, kimo 9. Likikauka lina kilo 7 hivi. (Mashine mama ya ukoo huu, CINVA-Ram, ilibuniwa na mhandisi Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, na nyingi zinazouzwa leo ni wajukuu wake.) Ukuta wa sentimita 14 unabeba udongo wa kilo 265 hivi kwa kila mita ya mraba. Kilo moja ya saruji ya kawaida hutoa takribani kilo 0.85 za hewa ukaa (kaboni dioksidi, ndiyo kaboni tunayoihesabu) kiwandani. Sasa zidisha.

Saruji asilimia 5: kilo 13 za saruji, kilo 11 za hewa ukaa.

Asilimia 8: kilo 21 za saruji, kilo 18 za hewa ukaa.

Asilimia 10: kilo 27 hivi za saruji, kilo 23 za hewa ukaa.

Na tofali la saruji lenye matundu, lile tunalolisema vibaya kila siku? Karibu nusu yake ni hewa tupu. Zege lake likiwa na kilo 200 za saruji kwa mita ya ujazo, ukuta wa unene uleule unabeba kilo 15 hivi za saruji kwa mita ya mraba. Hewa ukaa: kilo 13.

Hebu irudie hesabu hiyo polepole. Tofali la udongo la asilimia 8, lile lililoshinda kwenye karai, lina hewa ukaa nyingi kuliko tofali la saruji lenye matundu. Rangi yake ni ya ardhi, jina lake ni la ardhi, lakini ni zito na halina tundu hata moja, kwa hiyo asilimia ndogo ya mzigo mkubwa inageuka mzigo.

Udongo wa kushindilia kwenye fomu, yaani kati ya mbao zinazoushika hadi usimame, ni mbaya zaidi. Ukuta wa sentimita 30, wenye kilo 600 kwa mita ya mraba, ukitiwa saruji asilimia 8 unameza kilo 48. Hewa ukaa ni kilo 41, mara tatu ya tofali la matundu. Kuta za aina hii ndizo zinazopigwa picha nzuri, matabaka yake yakionekana kama mwamba uliokatwa, na maneno "ujenzi rafiki wa mazingira" yakiandikwa chini ya picha.

Kwa haki, tofali la kuchoma halijatoka salama. Ukuta wa nusu tofali una kilo 190 hivi, na tanuru la kiwandani hutoa takribani kilo 0.2 za hewa ukaa kwa kila kilo ya tofali, yaani karibu kilo 40 kwa mita ya mraba. Tanuru la kienyeji lisilo na kuta za kuzuia joto hula kuni zaidi ya hapo.

Takwimu hizi zitapanda na kushuka kulingana na saruji yako na mchanganyiko wako. Mpangilio wake hautabadilika sana.

## Kwa nini saruji ni nzito kiasi hicho

Wengi huamini tatizo ni moto wa kiwandani tu. Moto una sehemu yake: klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, huiva kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Lakini sehemu kubwa, takribani asilimia 60, hutoka ndani ya jiwe lenyewe. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa unabaki na kilo 56 za chokaa hai. Zile 44 zimepaa zikiwa hewa ukaa. Hata tanuru lingewashwa kwa jua, hizo 44 zingepaa vilevile.

Ndiyo maana kubadilisha saruji kwa chokaa si toba. Chokaa huchomwa kwa joto la chini, nyuzi 900 hivi, na ukutani hurudisha sehemu ya hewa ukaa iliyoipoteza, ila kwa miaka mingi na kuanzia juu juu. Chokaa inafaa kwa udongo wenye mfinyanzi mwingi kwa sababu inaungana na mfinyanzi wenyewe, jambo ambalo saruji hailifanyi vizuri. Hiyo ni sababu ya kikemia ya kuichagua. Ukiichagua kwa sababu ya kaboni peke yake, piga hesabu kwanza.

## Ya karibu na ya kaboni kidogo

Maneno haya mawili tumeyafunga kama mapacha. Kuna siku yanagombana.

Lori kubwa lililojaa hutoa takribani gramu 100 za hewa ukaa kwa kila tani kwa kila kilomita. Udongo wa mita yetu moja ya ukuta, kilo 265, ukisafirishwa kilomita 100 unagharimu chini ya kilo 3 za hewa ukaa. Ile asilimia 5 ya saruji inagharimu 11. Kwa maneno mengine, ungeweza kuleta udongo mzuri kutoka kilomita 400 na bado ulingane na fundi aliyechimba udongo mbaya uani kwake akaurekebisha kwa saruji. Hata ukihesabu lori likirudi tupu, bado ni kilomita 200 na ushei.

Sishauri mtu asafirishe udongo kilomita 400. Barabara ina gharama nyingine, na kazi ya kuchimba ni bora ibaki kwa watu wa pale. Ninachosema ni kwamba lori moja la mchanga kutoka kilomita 20, la kupunguza ukali wa mfinyanzi, mara nyingi linaokoa mifuko mingi ya saruji. Ukaribu wa malighafi ni jambo jema. Ukitumika kuhalalisha mifuko ya ziada, hewa ukaa haipungui.

## Saruji inafanya kazi gani mle ndani?

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka.

Jibu la haraka ni "nguvu". Basi tupime nguvu inayotakiwa. Ukuta wa mita 3 kwenda juu una kilo 800 hivi kwa kila mita ya urefu. Paa la bati na mbao zake liongeze kilo 200. Tani moja inakalia eneo la mita 1 kwa sentimita 14. Mgandamizo unaopatikana chini ya ukuta ni megapaskali 0.07, yaani kilo 0.7 hivi kwa kila sentimita ya mraba.

Tofali la udongo mtupu lililoshindiliwa vizuri na kukauka hubeba megapaskali 1, mara nyingi 2 au zaidi. Hata kwa lile dhaifu una akiba ya mara 14. Shibam, kule Hadhramaut nchini Yemeni, kuna majumba ya tofali bichi, lisilochomwa, yanayofika ghorofa saba, mengi yakiwa na asili ya karne ya 16. Hakuna mfuko wa saruji uliowahi kuhusika na kusimama kwake, ila kuta zake ni nene chini na hupungua unene kadiri zinavyopanda.

Kwa hiyo saruji haipo kwa ajili ya uzito wa paa. Ipo kwa ajili ya maji, kwa sababu tofali lisilo na saruji likilowa hadi ndani hupoteza nguvu yote, ilhali lenye saruji ya kutosha hubaki na nusu hivi.

Na maji hufika ukutani kwa njia zinazohesabika: mvua inayopigwa na upepo, matone yanayoruka kutoka chini, unyevu unaopanda kutoka msingini, paa linalovuja, bomba lililopasuka bafuni. Ukiziangalia moja moja, kila moja ina dawa yake kwenye mchoro. Saruji ndani ya kila tofali, kuanzia kozi (mstari wa matofali) ya kwanza hadi ya ishirini na saba, ni bima inayolipwa na ukuta mzima kwa ajili ya upenu uliopunguzwa sentimita 40 ili kuokoa mabati mawili matatu.

## Kofia na viatu

Wajenzi wa udongo wa Devon, Uingereza, wana msemo kwamba nyumba ya udongo inahitaji kofia nzuri na viatu vizuri. Sehemu kubwa ya elimu iko humo. Iliyobaki ni vipimo.

Viatu: msingi wa mawe uinuke juu ya ardhi iliyokwisha kusawazishwa kwa sentimita 40. Sababu ya kimo hicho ni matone. Mvua inayotoka paani ikigonga ardhi ngumu huruka na kupiga ukuta sentimita 30 za chini, mvua baada ya mvua, mahali palepale. Chini ya ukingo wa upenu weka changarawe badala ya sakafu ya zege, tone lifie humo. Juu ya mawe, kabla ya tofali la kwanza, laza karatasi ya nailoni nzito au lami. Ardhi ya nje iteremke kwenda mbali na nyumba. Kosa la kawaida huja miaka mitano baadaye: mwenye nyumba anamwaga kifusi na kutengeneza bustani, ardhi inapanda hadi kulifikia tofali, na ile nailoni inakuwa chini ya udongo.

Kofia: upenu wa sentimita 60 ndio mwanzo, na 90 ni bora upande unaopigwa na mvua. Paa la pande nne hukinga kuta zote. Paa la pande mbili huacha kuta mbili za pembetatu wazi hadi juu, na hizo ndizo zinazochakaa kwanza.

Shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, kazi ya mbunifu majengo Francis Kéré iliyokamilika mwaka 2001, huzungumzwa sana kwa sababu ya matofali yake ya udongo. Itazame tena. Matofali yametiwa saruji, sawa, lakini kinachofanya kazi kubwa ni paa: bati limeinuliwa kwenye fremu ya nondo, likatokeza mbali kupita kuta, upepo ukipita kati yake na dari ya matofali. Ukuta uko kivulini na mbali na mvua. Paa hilohilo juu ya tofali lisilo na saruji lingelilinda karibu vilevile.

Kuna njia ya tatu, ya wajasiri. Nyumba ya mjenzi wa udongo Martin Rauch huko Schlins, Austria, ya mwaka 2008, ina kuta za udongo wa kushindilia zisizo na saruji wala upenu wa maana. Kila baada ya matabaka machache kuna mstari wa vigae umetokeza kidogo. Maji yanayoteremka ukutani yanagonga kigae, yanapoteza kasi, yanadondoka. Uso wa ukuta hulika milimita chache miaka ya mwanzo, kokoto zinachomoza, na zenyewe zinakuwa ngao. Kulika huko kumehesabiwa tangu mwanzo, unene wa ziada ukaachwa kwa ajili yake.

Na ipo njia ya nne, ya zamani kuliko zote: kupaka upya. Msikiti Mkuu wa Djenné nchini Mali, jengo la mwaka 1907, hupakwa tope jipya kila mwaka na watu wa mji wenyewe. Miti inayochomoza kwenye kuta zake ndiyo jukwaa lao la kupandia. Mchoraji anayenakili ile miti kama urembo huku jengo lake halina watu wa kulipaka amenakili nusu isiyofaa.

## Udongo wenyewe

Saruji nyingi huingia kwenye tofali kwa sababu udongo haukupimwa. Vipimo vifuatavyo havihitaji maabara.

Ondoa udongo wa juu hadi mizizi iishe, sentimita 30 hadi 50 kwa kawaida. Lowesha konzi moja ya ule wa chini, unuse. Ukinuka uvundo una mboji, uache.

Chupa: chukua chupa yenye kuta zilizonyooka, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache saa moja, itikise tena. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi. Tope laini hufuata ndani ya saa moja au mbili. Mfinyanzi hukaa juu kabisa na huhitaji siku nzima. Kwa tofali la mashine tafuta mchanga na changarawe ndogo karibu asilimia 65, tope laini 15, mfinyanzi 20. Mfinyanzi ndani ya maji huvimba, kwa hiyo chupa hukudanganya kidogo: ukionekana 25, huenda ni 20.

Sanduku la kusinyaa ndilo kipimo ninachokiamini zaidi. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, limepakwa mafuta ndani. Lijaze udongo ulioloweshwa ukawa kama uji mzito, ushindilie kwa kijiti ili hewa itoke, uusawazishe. Siku 3 juani au 7 kivulini. Kisha sukuma vipande vyote upande mmoja, pima pengo.

Mwongozo wa kawaida wa mafundi unasema: pengo chini ya milimita 15, saruji sehemu 1 kwa udongo sehemu 18. Kati ya 15 na 30, 1 kwa 16. Kati ya 30 na 45, 1 kwa 14. Kati ya 45 na 60, 1 kwa 12. Unaona inakokwenda? Kadiri udongo unavyokuwa na mfinyanzi mwingi, jedwali linakusukuma kwenye saruji zaidi. Pengo likizidi milimita 20 mimi ningeongeza mchanga, nikarudia sanduku, nikaongeza tena, hadi lishuke. Mchanga haupiti tanuruni.

Halafu kuna suala la karai dhidi ya mizani. Wataalamu huandika asilimia kwa uzito, fundi hupima kwa ujazo. Mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi. Moja kwa 18 ni lita 630 za udongo, na udongo mkavu uliolegea una kilo 1.25 hivi kwa lita, yaani karibu kilo 790. Saruji ni asilimia 6 na kitu, wala si 5. Udongo ukiwa na unyevu huvimba karaini, kilo zinapungua, asilimia inapanda tena bila mtu kujua. Kwa kipimo hicho mfuko mmoja unatoa matofali 120 hivi. Ukipata 80, unafyatua tofali la asilimia 10, chochote kilichoandikwa kwenye mchoro.

Unyevu wa kufyatulia: finyanga tonge la ukubwa wa limau, liachie kutoka kimo cha mita 1.5 kwenye sakafu ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, sawa. Likisambaa vumbi, maji hayatoshi. Likibaki limebonyea kama chapati, yamezidi.

Na weka mizani karibu na mashine. Tofali bichi linalotoka liwe karibu kilo 7.5, na tofauti kati ya tofali na tofali isizidi gramu 200 hivi. Fundi akichoka, anajaza sanduku la mashine pungufu kwa konzi moja, mpini unashuka kwa urahisi, kazi inaonekana kwenda mbio. Tofali hilo lina umbo sahihi na nguvu hafifu, na hakuna jicho litakaloliona. Kona nazo zijazwe kwa vidole kabla ya kufunga kifuniko, kwani ndizo zinazomomonyoka kwanza.

## Saruji pale inapostahili

Sina ugomvi na saruji. Ninagombana na kuisambaza.

Pendekezo ni hili. Kozi 4 za kwanza juu ya msingi wa mawe zipate tofali la asilimia 6. Kozi iliyo chini ya kila dirisha, hivyohivyo. Kuta za bafu, hadi kimo cha bega. Kwingine kote, tofali tupu, tope la kujengea lililochekechwa kwa waya wa milimita 5, na mkanda wa juu unaofunga kuta zote pamoja kabla ya paa.

Tofali tupu la sentimita 14 lililosimama mita 3 ni jembamba mno. Laza matofali kwa upana, upate ukuta wa sentimita 29. Hapo uzito unakaribia kilo 550 kwa mita ya mraba, mara mbili ya mwanzo, lakini saruji ya zile kozi 4 ikigawanywa kwa ukuta mzima wa kozi 27 ni kilo 5 hivi kwa mita. Hewa ukaa: kilo 4. Matofali ni mara mbili, kazi ni mara mbili, na mwenye nyumba lazima aambiwe hivyo mapema. Msingi nao unapanuka. Ukimwaga zege la kilo 300 za saruji kwa mita ya ujazo kwenye msingi huo mpana, umerudisha yote uliyookoa juu, na zaidi. Ndiyo maana mawe yaliyopangwa vizuri kwa chokaa au udongo ni sehemu ya hesabu hii, hayawekwi kwa mapambo.

Tofali lenye saruji lichorwe alama ya kidole likiwa bichi. Bila alama, siku ya kujenga yatachanganywa, na yale matupu yataishia kozi ya kwanza.

Mchanganyiko wenye saruji utumike ndani ya dakika 45. Ukichanganywa asubuhi na kufyatuliwa hadi mchana, saruji imeshaanza kushika ndani ya lundo, na mashine inavunja vifungo vilevile ulivyolipia. Kisha matofali yafunikwe kwa nailoni na kumwagiliwa kwa siku 7 bila kukosa, yakae siku 28 kabla ya kujengewa. Tofali lililoachwa juani tangu siku ya kwanza limebakia na saruji isiyofanya kazi: hewa ukaa imetoka, nguvu haikupatikana. Matofali matupu hufuata njia nyingine kabisa, yakauke polepole kivulini wiki 3 au 4, yakisimamishwa kwa ubavu baada ya siku chache. Ukiyamwagilia kwa mazoea, umeyaua.

Wakati wa ujenzi adui ni maji ya kutoka juu. Ukuta usioezekwa ufunikwe turubai kila jioni, lifungwe kwa mawe, litokeze pande zote. Penye mvua zisizotabirika, simamisha nguzo, ezeka kwanza, kisha jenga kuta chini ya paa.

## Lipu

Ungeweza kufanya yote hayo na kuyafuta kwa lipu.

Sentimita 1.5 za lipu ya saruji kila upande ni kilo 9 hivi za saruji kwa mita ya mraba, kilo 8 za hewa ukaa. Kujengea kwa saruji moja kwa mchanga minne kunaongeza kilo 6 nyingine. Jumla yake inapita ile ya saruji yote iliyomo ndani ya matofali ya asilimia 5, na hakuna anayeihesabu kwa sababu tofali ndilo lililokuwa na jina.

Tena haishiki. Lipu ya saruji ni ngumu, udongo unatanuka na kusinyaa. Nyufa nyembamba zinatokea, mvua inaingia kwenye nyufa, na haiwezi kutoka kwa sababu lipu haipumui. Ukuta unalowa nyuma ya ganda zuri. Siku ganda linapobanduka, linaondoka na sentimita 2 za tofali. Kupigilia wavu wa kuku huchelewesha siku hiyo, na kufanya bamba linaloanguka liwe kubwa zaidi.

Lipu ya udongo: sehemu 1 ya udongo wa mfinyanzi, 2 hadi 3 za mchanga, na nyasi kavu zilizokatwa fupi hadi ujazo wa sehemu 1. Loweka siku kadhaa, nyasi zianze kulainika na kutoa utelezi. Lowesha ukuta kwa kurashia, paka tabaka la kwanza kwa kulisukuma kwa kiganja. Likipasuka, punguza mfinyanzi. Likipukutika ukilisugua, ongeza. Jaribu vipande vitano vya ukuta kwa michanganyiko mitano kabla hujaamua. Nje, tabaka la mwisho la chokaa huvumilia mvua vizuri na bado huruhusu ukuta kukauka.

## Mashaka yaliyobaki

Matetemeko. Mji wa Bam nchini Irani, 26 Desemba 2003: zaidi ya watu 26,000 walikufa, wengi chini ya kuta na mapaa mazito ya tofali bichi. Huwezi kuandika makala ya kusifu udongo ukaliruka hilo. Palipo na hatari ya tetemeko, ukuta wa udongo bila mkanda wa juu, bila matete au mianzi iliyosimamishwa ndani yake, wenye milango na madirisha karibu na kona, na wenye paa zito, ni mtego. Hapo kuongeza saruji kwenye tofali hakutoshi pia. Kinachookoa ni kufunga kuta pamoja, na wakati mwingine uamuzi wa busara ni kujenga kwa mbao au mianzi. Mianzi nayo ina masharti: ikatwe ikiwa na miaka 3 hadi 5, ilowekwe kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, kwani wadudu wanaitafuta kwa ajili ya wanga wake.

Mafuriko. Ukuta mtupu uliosimama majini kwa siku moja unarudi kwenye karai. Kwenye bonde la mto, onyesho lile ni sahihi kabisa, na jibu langu hapo ni kutojenga kwa udongo.

Joto na baridi. Udongo huhifadhi joto, hauzuii sana. Ukuta mnene hulichelewesha joto la mchana kwa saa nyingi, jambo zuri panapokuwa na tofauti kubwa kati ya mchana na usiku. Penye joto na unyevu saa zote, unene huo hautoi nafuu. Penye baridi ya miezi, kuta za marobota ya nyasi kavu zinaushinda udongo mbali, tena zinabeba kaboni ambayo mmea uliinyonya.

Matunzo ndiyo shaka ninayoirudia zaidi. Ukuta mtupu unahitaji mtu atakayeuangalia kila baada ya msimu wa mvua, azibe nyufa, asogeze kifusi, asafishe mchirizi ulioziba. Kama jengo ni la taasisi ambayo haina bajeti wala mtu wa kazi hiyo, asilimia 5 ya saruji huenda ikawa nafuu kuliko ukuta uliobomolewa na kujengwa upya baada ya miaka kumi. Hapo ningekubali kushindwa, ila kwa asilimia 5 na upenu mrefu, wala si kwa 10 na upenu mfupi.

## Badala ya karai

Kama onyesho ni lazima, lipo linalofanana zaidi na mvua. Linaitwa jaribio la Geelong, kwa jina la mji wa Australia, na limo kwenye viwango vya ujenzi wa udongo vya New Zealand. Tofali linalazwa kwenye mteremko wa 1 kwa 2. Mililita 100 za maji zinadondoshwa tone kwa tone kwenye uso wake, kutoka kimo cha sentimita 40, kwa muda usiopungua dakika 20 wala kuzidi saa moja. Kisha unapima shimo lililochimbwa na matone kwa kijiti chenye kipenyo cha milimita 3.

Likifika milimita 15, tofali limeanguka. Chini ya 5, ni imara. Katikati ya hapo kuna madaraja, kila moja na masharti yake.

Chukua pacha wa lile tofali lililoyeyuka kwenye karai, ulilaze hapo, ufungulie matone, upime.